Hajawahi Kula Nguruwe, Kifafa Amekitoa Wapi?

Jumamosi jioni hapa Mbeya huna haja ya kuuliza watu wako wapi. Pita Mwanjelwa, shuka Soweto, nenda Sae na Ilomba, panda mpaka Uyole: kila kona utakuta banda lenye kioo mbele, nyama imening'inia, na nyuma yake kijana wa jiko anauliza, "Rosti au kavu?" Kilo moja watu watatu, ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili pembeni, limau limekatwa vipande. Mimi ni mlaji wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na nalisema mapema ili msomaji asidhani anahubiriwa na mtu asiyeigusa.

Tena hatuli tu, tunafuga. Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Ruvuma ni miongoni mwa mikoa yenye nguruwe wengi nchini. Nguruwe hadai eka za malisho kama ng'ombe, anazaa wengi kwa mkupuo mmoja, anakula pumba na mabaki ya jikoni, na shule zikikaribia kufunguliwa anageuka ada bila maneno mengi. Nimewaona wanawake wa Mbozi waliosomesha watoto mpaka chuo kwa banda moja la mbao nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mtu akija hapa na wazo la kwamba dawa ni kuacha nguruwe, amekuja mahali pasipo pake.

Ninachotaka kuandika kinamhusu baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kuonja kitimoto.

Ni Msabato wa kuzaliwa. Babu aliingia Kanisa la Waadventista kabla baba mdogo hajazaliwa, na tawi lile la ukoo likaachana na nguruwe moja kwa moja. Wengine tukabaki upande wa Wamoraviani na sahani zetu. Hata kwenye harusi, akiona sufuria ziko karibu karibu, alikuwa anaomba ugali na maharage ili asijichanganye. Mtu huyo, akiwa na mke na watoto, mzima wa afya, alianguka siku moja katikati ya mistari ya kahawa. Akatetemeka, macho yakageuka, udenda ukamtoka, akaamka hajui yuko wapi. Wakasema jua kali na njaa. Akaanguka tena. Na tena.

Mbozi mwezi wa Juni na Julai ni baridi, kila mtu yuko jikoni anaota moto. Ndipo alipoangukia kwenye mafiga. Kovu lake linaanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Jambo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko kovu lenyewe ni kwamba jikoni kulikuwa na watu wazima watatu, na wote walisita. Waliogopa udenda. Kwetu watu wengi bado wanaamini kuwa udenda wa mwenye kifafa ukikugusa na wewe unaanza kuanguka, kwa hiyo mtu anaachwa aungue huku wenzake wanatafuta fimbo ya kumsogezea. Kifafa hakiambukizwi kwa udenda, wala kwa mate, wala kwa kushika mkono, wala kwa kula naye sahani moja. Angetolewa kwenye moto mara moja, kovu lile lisingekuwepo.

Maelezo yalikuwa mengi, kama kawaida. Wengine wakasema ametumiwa uchawi, wakataja mpaka wa shamba uliokuwa na ugomvi. Wengine wakasema ni ya ukoo, ila walipoulizwa ni nani mwingine wa ukoo aliyewahi kuanguka, hawakumpata. Kanisani wakamwombea. Maombi sina neno nayo, ila yaliendelea miaka bila mtu kumpeleka hospitali kubwa. Mwishowe mama mdogo akasema inatosha, akauza magunia ya mahindi, wakaja Mbeya mjini, akapigwa picha ya kichwa kwenye CT scan.

Nilikuwepo siku ya majibu. Daktari alituonyesha madoa kwenye picha, akasema ni vivimbe vya minyoo, tegu wa nguruwe, vimekaa ndani ya ubongo na ndivyo vinavyoleta degedege ya ukubwani.

Mama mdogo akaruka. "Dokta, huyu hali nguruwe! Toka azaliwe!"

"Shikamoo ya imani yake naipokea, mama," daktari akasema, na sikujua kama anatania, "lakini si lazima ale. Huu ugonjwa hauji kwa kula nguruwe."

Hapo mama mdogo alinyamaza, na mimi mla nguruwe nikasogeza kiti karibu.

Tegu huyu ana maisha ya sehemu mbili, na mkanganyiko wote wa watu wetu unatokana na kuzichanganya. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vivimbe, ambayo haikuiva, kile kivimbe kinafunguka tumboni, kinajishikiza kwenye utumbo mdogo kwa kichwa chenye ndoano, na kinakua kuwa mnyoo mrefu bapa kama utepe, mita mbili, nne, wakati mwingine hata saba. Huyo ndiye tegu wa tumboni. Cha ajabu ni kwamba mwenye tegu kwa kawaida haumwi. Anaweza kuhisi tumbo kidogo, au asihisi kitu kabisa. Anaendelea na kazi, anapika, anauza, anafundisha, na anaweza kukaa na mgeni wake kwa miaka. Dalili pekee ambayo wengi huiona ni vipande vyeupe bapa kwenye choo, na ni wangapi kati yetu tunaokagua choo?

Vile vipande ni pingili za mnyoo, na kila pingili inaweza kubeba mayai kama 50,000. Yanatoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akikila kinyesi hicho, mayai yanaangua ndani yake, yanapenya ukuta wa utumbo, yanaingia kwenye damu na kwenda kujijenga kwenye misuli, na ulimini, kuwa vile vivimbe vyeupe. Mtu akila ile nyama mbichi mbichi, mzunguko unaanza upya.

Sasa sehemu ya pili, na samahani kwa anayesoma huku anakula. Mayai yale yale yakiingia kinywani mwa mtu badala ya nguruwe, mwili wa mtu hauna ubaguzi. Yanaangua, yanaingia kwenye damu, yanakwenda kukaa kwenye misuli, chini ya ngozi, kwenye jicho, na kwenye ubongo. Mtu anakuwa amechukua nafasi ya nguruwe. Na mayai hayo hayako kwenye nyama. Kwenye nyama kuna vivimbe, na vivimbe vinaleta tegu wa tumboni. Mayai yako mahali pamoja tu, kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo baba mdogo hakula nguruwe, ni kweli kabisa. Alikula kinyesi cha mtu. Kidogo sana, kisichoonekana, kwenye maji au mboga au mkono wa aliyempa chakula, lakini ndicho alichokula.

Daktari alisema kwa adabu kuliko mimi.

Kuna kisa maarufu kwa wanaosoma mambo haya. Mwaka 1992 jarida la utabibu la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilichapisha habari za wagonjwa wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika dini jijini New York, watu ambao nguruwe kwao ni mwiko kuliko hata kwa Msabato wa Mbozi. Walikuwa wanaanguka, na kwenye ubongo wakakutwa na vivimbe vya tegu wa nguruwe. Uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini ambako tegu huyu yuko, na waliokuwa wanawapikia. Nawaomba wasomaji wangu wasikimbilie sasa hivi kumtazama dada wa kazi kwa jicho la shari. Mwenye tegu anaweza kuwa baba mwenye nyumba aliyekula mishkaki ya nusu mbichi Tunduma, na dada akawa ndiye anayeambukizwa. Ndiyo maana daktari aliagiza wote wa nyumba ya baba mdogo wapimwe na kutibiwa, si mmoja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika maeneo mengi ambako tegu huyu amejikita, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwake, na kwenye jamii zilizo katika hatari zaidi inaweza kufika asilimia 70. Watafiti wamekuwa wakija Mbozi na Mbeya Vijijini kwa miaka mingi kwa sababu hii hii: nguruwe wengi, wengine wanafunguliwa wazurure baada ya mavuno, na vyoo ambavyo... tutafika kwenye vyoo. Mtu mzima ambaye hakuwa na kifafa utotoni, akaanza kuanguka akiwa na miaka ishirini au arobaini, huku kwetu tegu awe mmoja wa washukiwa wa kwanza, kabla ya jirani wa mpaka wa shamba. Na kwa kuwa vivimbe vinaweza kukaa kimya miaka kadhaa kabla ya degedege ya kwanza, huwezi kukumbuka ni chakula kipi. Mara nyingi shida inaanza kivimbe kinapokufa, mwili unapokigundua na kukishambulia, ubongo unavimba palepale.

Basi turudi kwenye meza ya Jumamosi, maana sasa inaonekana tofauti. Kwenye ile sahani tunaogopa nyama. Mimi siku hizi ninayoitazama kwa makini ni kachumbari. Nyama imepita kwenye moto. Kachumbari haijapita popote. Nyanya, kitunguu na kabichi vimetoka bustanini ambako labda vilimwagiliwa maji ya mfereji uliopita nyuma ya nyumba zisizo na choo, vikaoshwa kwenye beseni moja lenye maji ya tangu saa nane, vikakatwa na mtu ambaye ametoka chooni na hakukuwa na maji ya kunawa. Kama kuna njia ya kupeleka mayai ya tegu mpaka ubongoni mwako, imepitia hapo, si kwenye nyama. Na muungwana aliyekaa meza ya pembeni, aliyeagiza kuku kwa sababu za dini, anakula kachumbari ile ile.

Limau na siki haviui mayai haya. Pilipili haiui. Pombe kali ya kuteremshia haiui, ingawa kuna wazee wenye ushahidi wa kuapa. Mayai ya tegu ni magumu. Kwenye udongo wenye unyevu, na unyevu ndio tulionao, yanaweza kuishi miezi. Hata vidonge vya klorini tunavyotia kwenye ndoo, ambavyo ni vizuri kwa kipindupindu na kuhara, havitoshi kwa mayai haya. Maji ya kunywa yachemshwe. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani moja moja, maana hapo unayaondoa kwa kuyasukuma, huyaui. Kabichi itolewe majani ya nje bila kuyaonea huruma. Kwangu mimi, kibanda kisicho na maji yanayotiririka na sabuni karibu na choo nakula nyama na ndizi, kachumbari nawaachia wenyewe. Rafiki zangu wanasema nimekuwa na maringo ya mjini. Sawa.

Nyama nayo isiachwe, kwa sababu kila tegu wa tumboni alianzia kwenye nyama, na bila yeye mayai hayapo. Kitimoto cha rosti kilichokatwa vipande vidogo kikapikwa mpaka mafuta yakajitenga hakinipi shida. Wasiwasi wangu ni choma: pande nene, mkaa umewaka vibaya kwa sababu wateja wana haraka, nje imeungua, ndani bado ina rangi ya waridi. Vivimbe hufa kwa joto. Kipande kizima kikifika nyuzi joto 63 katikati, kikaachwa kitulie dakika chache, vivimbe vimekwisha, ila nani ana kipimajoto kibandani? Chukua kisu, kata pande nene kuliko yote katikati. Ikiwa bado waridi au majimaji yake ni mekundu, rudisha. Wapishi wa Mbeya hawakasiriki ukiomba kwa ustaarabu: "Kaka, naomba uniongezee moto kidogo." Anayekasirika, hamia banda la pili, yapo mengi.

Kuna pia swali la nyama ilikotoka. Machinjioni afisa mifugo anakagua na kugonga mhuri. Lakini wengi wetu kijijini tunachinja nyuma ya nyumba Krismasi na Pasaka, tunagawana kilo kwa kilo, na mkaguzi ni macho ya mwenye kisu. Wanunuzi wanaozunguka vijijini kwa pikipiki wana mbinu ya siku nyingi: wanamlaza nguruwe, wanapitisha mti mdomoni, wanavuta ulimi na kuupapasa chini wakitafuta vijipunje. Wakivipata, mara nyingi biashara haiishi, bei inashuka tu. Nyama ile inakwenda wapi, fikiria mwenyewe. Na ulimi safi si hakikisho, kwa kuwa nguruwe mwenye vivimbe vichache anaweza kuwa navyo pajani na ulimini asiwe na hata kimoja. Moto ndio mkaguzi ninayemwamini.

Niseme na hili, linanikera kila mwaka. Ikitangazwa homa ya nguruwe ya Afrika, mabanda yanakuwa matupu, watu wanaogopa, wauzaji wanalia. Ugonjwa ule unaua nguruwe kwa kasi na unafilisi wafugaji, na karantini zake ni za lazima, lakini virusi vyake haviambukizi binadamu. Kwa huo tunaacha kula. Kwa tegu, anayeingia ubongoni, tunaendelea kuagiza nusu nusu na kuchovya kachumbari.

Vyoo sasa. Kampeni ya Nyumba ni Choo imefanya kazi, sitaibeza. Vijiji vingi ninavyopita vina vyoo ambavyo miaka ya nyuma havikuwepo. Lakini choo kipo nyumbani, na mtu hayupo nyumbani. Msimu wa kahawa, kibarua anaingia shambani asubuhi na kutoka jioni, na shamba halina choo. Msimu wa mahindi ni hivyo hivyo. Mtu akibanwa anakwenda kichakani, na nyuma yake baada ya mavuno nguruwe wanafunguliwa waokote mabaki. Mwenye shamba kubwa anayeajiri watu ishirini anaweza kuchimba choo cha shimo kwa siku mbili, akakiezekea nyasi na kuweka kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni. Sijui kwa nini tunamdai mwenye shule na mwenye mgahawa choo, lakini mwenye shamba tunamwacha. Na choo chenyewe kiwe na mlango unaofunga: nguruwe ni hodari wa kuingia choo kisicho na mlango, na choo cha namna hiyo kinamlisha badala ya kumzuia.

Wafugaji wengine huku kwetu wanajenga mabanda ya mbao yaliyoinuliwa juu ya ardhi, nguruwe hatoki mwaka mzima. Hilo peke yake linakata mzunguko, ila lina gharama: aliyefungiwa lazima aletewe chakula, na Januari mpaka Machi, debe la mahindi linapopanda, pumba nayo inapanda, mfugaji anaona heri amfungulie. Ndiyo maana sipendi mahubiri ya "fungieni nguruwe wenu" yanayotoka kwa watu wasiojua bei ya pumba.

Upo msaada mwingine ambao wafugaji wengi hawajausikia. Ipo chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu huyu, na ipo dawa iitwayo oksifendazoli ambayo dozi moja inaua vivimbe vilivyo kwenye misuli ya nguruwe. Vikitumika pamoja vinafanya kazi vizuri sana. Vilijaribiwa vijijini hapa hapa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Nguruwe aliyepewa dawa asichinjwe mpaka muda uliowekwa upite. Huko Peru, mkoa wa Tumbes, walitibu watu na nguruwe kwa pamoja na kuchanja nguruwe, wakafanikiwa kuzuia maambukizi katika vijiji 105 kati ya 107. Kwa hiyo si ugonjwa usioshindika. Tatizo ni kwamba nguruwe mwenye tegu haonekani mgonjwa, anakua, ananenepa, na mfugaji haoni kwa nini atoe fedha mfukoni kumkinga mtu ambaye hatamjua. Atatoa siku ambayo mnunuzi atalipa zaidi kwa nguruwe aliyechanjwa.

Sisi watu wazima nasi tuna dawa yetu, na hapa nataka niende taratibu kwa sababu kuna hatari. Watoto shuleni wanapewa dawa za minyoo, wazazi tunasimama pembeni tunapiga makofi. Wengine tunanunua albendazoli duka la dawa, tunameza kidonge kimoja, tunajiona tumemaliza. Kidonge kimoja cha albendazoli hakitegemewi kwa tegu. Dawa zinazotumika kwa tegu wa tumboni ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho lakini kwa kipimo kidogo kulingana na uzito, au niklosamidi. Ila usikimbilie dukani. Mtu ambaye tayari ana vivimbe ubongoni bila kujua akimeza prazikwanteli au albendazoli, vivimbe vinaweza kushtuka, ubongo ukavimba, akaanguka degedege kali. Kwa hiyo kama umewahi kuanguka hata mara moja, au una maumivu ya kichwa makali yasiyoisha, au una vinundu vigumu chini ya ngozi, mwambie daktari kabla hujameza chochote. Vivimbe vya ubongoni vinatibiwa hospitali, chini ya uangalizi, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe, na wakati mwingine daktari anaamua kutoviua kabisa. Ukiona vile vipande vyeupe chooni, usione haya: nenda kituo cha afya navyo kwenye kichupa chenye mfuniko. Wahudumu wameona makubwa kuliko hayo. Kipimo cha choo kwa darubini kinaweza kukosa mayai hata kama tegu yupo, hivyo kile ulichokiona kwa macho ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani.

Waliokula nyama ya ng'ombe isiyoiva nao wanapata tegu, wa aina nyingine. Huyo ni mrefu zaidi, ila mayai yake hayaendi ubongoni mwa mtu. Naandika hili kwa sababu kuna shemeji yangu ambaye tangu asikie habari hizi amehamia mishkaki ya ng'ombe ya damu damu na anajiona ameokoka.

Baba mdogo alipewa dawa za kifafa, na polepole akaacha kuanguka. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na ipo vituo vingi. Kabamazepini nayo hutumika sana. WHO inasema kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazowafaa. Kinachowaangusha wengi ni kuacha. Mtu anakaa miezi sita hajaanguka, anasema amepona, anaacha ghafla, na degedege inayorudi inakuwa ndefu na ya hatari kuliko ya mwanzo. Au dawa zinaisha kituoni na nauli ya kwenda mbali hakuna. Baba mdogo alifanya mpango na mama mdogo: vikibaki vidonge vya wiki mbili, mmoja wao anakwenda kuchukua vingine, iwe mvua iwe mavuno. Kupanda juu ya miti na kuchota maji peke yake mtoni ameacha. Jikoni amejengewa kizingo cha udongo kuzunguka mafiga, kinafika magotini, na watoto wa ukoo mzima wanaungua mara chache kuliko zamani kwa sababu hiyo hiyo.

Na mtu akianguka mbele yako: mtoe kwenye moto, maji au barabara, mshike bila woga. Mlaze ubavu ili udenda utoke nje, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza shati. Usimtie kijiko mdomoni, wala kitambaa, wala kidole chako. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na vidole hukatwa. Usimkandamize. Usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Tazama saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuta gari, bodaboda, chochote, apelekwe hospitali, na mmoja wenu akae nyuma yake amshike asianguke njiani.